Meli moja ya msaada ni mkate wa siku tano

Mimi nauza unga. Unga wa ngano, hamira, sukari, mafuta ya kupikia na iliki ya kupima. Wateja wangu wengi ni kina mama wa mahamri na chapati, pamoja na mabekari madogo ya huku Kisauni, Mombasa. Kwa hiyo ninapoandika juu ya Ukraine msinitafutie siasa kubwa. Naandika kama mtu aliyekuwa akifuta bei ubaoni na kuandika nyingine kila mara mwaka 2022, huku kila anayeingia dukani akiniuliza: "Vita viko Ulaya, sisi vinatuhusu nini?"

Lilikuwa swali la haki. Pale kaunta nililijibu vipande vipande, maana foleni haingoji hotuba. Leo nalijibu lote, kwa sababu kuna hadithi mbili juu ya ngano ya Ukraine na Afrika, na zote zimenichosha. Moja husema Ukraine, pamoja na kupigwa mabomu, inatulisha kwa huruma yake. Nyingine husema hayo ni maigizo matupu, nafaka yote imekwenda kwa matajiri na sisi tumepewa picha. Wanaozisimulia ni watu ambao hawajawahi kupiga hesabu ya mfuko wa kilo 50.

Tuanzie nyumbani. Kenya inalima ngano, Narok, Nakuru na Uasin Gishu, lakini haitoshi hata kidogo. Tunakula zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo hushuka hapa bandari ya Kilindini. Wenye vinu hupewa nafuu ya ushuru, asilimia 10 badala ya 35 ya Afrika Mashariki, kwa sharti kwamba wanunue kwanza ngano ya wakulima wetu. Kisha huchanganya: ya hapa na ya nje, laini na ngumu, mpaka wapate unga unaovutika. Kabla ya vita, mchanganyiko huo ulikuwa na ngano nyingi ya Bahari Nyeusi, ya Urusi na ya Ukraine, kwa sababu moja tu: ilikuwa rahisi.

Watu wengi hudhani ngano huja kwenye magunia. Shemeji yangu ni karani bandarini, na yeye ndiye aliyenitoa ujinga huo. Huja kichele, imemwagwa tu ndani ya meli kama mchanga. Hunyonywa au huchotwa, ikapanda kwenye mikanda hadi maghalani, kisha ikashushwa kwenye malori ya kwenda vinuni. Siku za meli ya ngano shemeji hurudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, na dada yangu humkataza kukalia kochi mpaka aoge. Kwa miaka mingi vumbi lile lilitoka mashamba ya karibu na Odesa na Mykolaiv, kule Ukraine, na hakuna aliyejali.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na bandari za Odesa, Chornomorsk na Pivdennyi zikafungwa. Baharini kulikuwa na mabomu ya kutegwa na manowari za Kirusi. Nafaka ya msimu uliopita ilibaki kwenye maghala, mamilioni ya tani, haina pa kupita. Pakiti ya kilo mbili ya unga ikapita shilingi 200.

Lakini kilichoniuma zaidi dukani ni mafuta. Hapa ndipo wateja walipogoma kabisa kunielewa, nami siwalaumu. Mafuta tunayopikia mahamri ni ya mawese, yanatoka Malaysia na Indonesia, hayajawahi kuiona Ukraine. Sasa kwa nini mtungi wa lita 20 upande? Kwa sababu Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza dunia kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Wahindi na Wazungu waliokosa alizeti walikimbilia mawese, wakayagombania na sisi, na wao wana pesa kutushinda. Indonesia nayo, ikihofia watu wake kukosa, ikapiga marufuku kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi karibu mwisho wa Mei. Wiki zile wateja wangu wa mahamri walikuwa wananunua mafuta kwa chupa, si kwa mtungi. Mmoja alipunguza ukubwa wa hamri mpaka mumewe akamwambia sasa anauza kaimati.

Mbolea nayo ikaenda. DAP, mbolea ya kupandia, mfuko wa kilo 50, ilizidi shilingi 6,000 mpaka serikali ilipoanza kuiuza ya ruzuku kwa 3,500 mwezi Septemba mwaka ule. Mkulima wa Narok aliyepaswa kutuokoa na ngano ya nje naye alikuwa anangoja mbolea ya nje.

Ndipo tarehe 22 Julai 2022, mjini Istanbul, Ukraine na Urusi zikatia saini, kila moja karatasi yake kwa sababu hazikutaka kutia saini pamoja, chini ya Uturuki na Umoja wa Mataifa. Meli zingeruhusiwa kutoka bandari tatu za Ukraine, na zingekaguliwa Istanbul na watu wa pande zote nne. Meli ya kwanza, Razoni, iliondoka Odesa tarehe 1 Agosti na zaidi ya tani 26,000 za mahindi zilizokuwa zikienda Lebanon. Dunia nzima ilipiga makofi. Mnunuzi wa Lebanon akaikataa shehena: imechelewa miezi mitano, siitaki. Mahindi yakaanza kutafutiwa wateja njiani, mengine yakaishia Uturuki na mengine Syria. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu dukani. Mahindi yalikuwa yameagizwa, yana bei na yana tarehe, na mnunuzi aliyecheleweshewa mzigo ana haki ya kuukataa hata kama kamera za dunia ziko gatini.

Ya msaada ilifuata wiki mbili baadaye. Brave Commander, iliyokodiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ilitoka Pivdennyi na tani 23,000 za ngano kwa ajili ya Ethiopia, ikafika Djibouti tarehe 30 Agosti. Halafu Novemba 26 mwaka ule ule, Rais Zelensky akazindua mpango alioupa jina Nafaka kutoka Ukraine. Siku ile ilichaguliwa kwa makusudi: ndiyo Waukraine walikuwa wakikumbuka miaka 90 ya Holodomor, njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni ya watu wao wakati wa Stalin, nchi yao ikiwa imejaa ngano. Zelensky alitaja meli 60 na nchi ambazo zingefikiwa: Ethiopia, Sudan, Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Yemen, na sisi Kenya.

Sasa hesabu. Meli moja ya namna ile hubeba kama tani 25,000 hadi 30,000. Kenya hutumia zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, yaani tani elfu tano na ushei kwa siku. Meli moja iliyojaa basi ni mkate, chapati na mahamri ya Kenya nzima kwa siku tano hivi. Siku ya sita tumerudi kwenye foleni.

Kuna hesabu ya pili, na hii sikuipiga mimi. WFP walisema zile tani 23,000 za Brave Commander zingewatosha watu milioni moja na nusu kwa mwezi mmoja. Gawanya uone: kilo 15 kwa mtu kwa mwezi, nusu kilo kwa siku. Hapo meli ileile inageuka kitu kingine kabisa. Mwisho wa 2022 Pembe ya Afrika ilikuwa imekosa mvua misimu mitano mfululizo. Huhitaji kwenda Somalia kuelewa maana yake. Ungepanda gari mwaka ule hadi Ganze, hapa hapa Kilifi, ungeona mifupa ya ng'ombe kando ya barabara. Kwa mtu aliyefika hapo, nusu kilo ya ngano kwa siku ni uhai. Kwa hiyo anayesema meli za msaada hazikuwa na maana, mimi simo. Anayesema zilituokoa sisi wa Mombasa na bei ya unga, pia simo. Zilikwenda kwa watu wengine, na ndivyo ilivyotakiwa.

Nani alilipa? Hapa pananifurahisha kama mfanyabiashara. Nchi zaidi ya 20 zilichangia pesa, pesa zikanunua nafaka kwa wakulima wa Ukraine, WFP wakaigawa. Mkulima wa Ukraine, ambaye shamba lake limejaa mabaki ya makombora, alilipwa. Serikali yake ikapata marafiki wapya Afrika. Mwenye njaa akapata chakula. Sioni aibu yoyote hapo. Wapo wanaolalamika kwamba ni msaada wenye faida kwa mtoaji. Waniletee basi usio na faida kwa mtoaji, niuone.

Ile biashara kubwa sasa. Mkataba wa Istanbul uliishi mwaka mmoja kasoro siku chache. Kwa muda huo zilitoka karibu tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine. Za WFP zilikuwa kama tani 725,000. Hazifiki tatu katika kila mia. Zilizobaki ziliuzwa, na wanunuzi wakubwa walikuwa China, Hispania na Uturuki. Moscow iliishikilia hesabu hii kwa nguvu zote: mnaona, maskini hawapati kitu!

Njooni dukani kwangu niwaonyeshe kwa nini hoja hiyo ni nusu. Mhispania akikosa Odesa nafaka ya kulishia nguruwe wake, nguruwe hawafungi saumu. Atapiga simu Argentina, atapiga Australia, kulekule ambako mwenye kinu wa Mombasa naye anapiga simu. Nani atapewa kwanza, unadhani? Kila meli iliyokwenda Hispania ilimwondoa Mhispania kwenye foleni yetu. Sipendi kukiri kwamba bei ya mahamri ya Kisauni inategemea chakula cha nguruwe, tena sisi tusiokula nguruwe, lakini ndivyo soko lilivyo. Kipimo cha bei ya vyakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kilishuka zaidi ya asilimia 20 kutoka kilele chake cha Machi 2022. Mkataba haukuifanya kazi hiyo peke yake, lakini ulichangia.

"Mbona basi bei yako haikushuka?" Hili ndilo swali lililonikosesha raha 2023, kwa sababu aliyeuliza alikuwa na simu mkononi na kwenye simu ameona ngano ya dunia imeanguka karibu nusu. Nikamwonyesha ukurasa mwingine. Vita vilipoanza dola ilikuwa kama shilingi 113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa inacheza kwenye 160. Ngano hununuliwa kwa dola, meli hukodiwa kwa dola, bima ya meli ni dola. Kile ambacho Odesa ilituletea kwa mkono mmoja, shilingi yetu ilikinyang'anya kwa mwingine. Hapo usimlaumu Zelensky wala Putin. Deni la nchi hii halikuletwa na meli ya ngano.

Tarehe 17 Julai 2023 Urusi ikajitoa. Korir Sing'Oei, katibu mkuu wetu wa mambo ya nje, akaandika kwamba uamuzi ule ni kuchomwa kisu mgongoni, na kwamba utaziumiza zaidi nchi za Pembe ya Afrika ambazo ukame ulikuwa umeshazimaliza. Ni nadra serikali yetu kusema hadharani kwa ukali ule. Siku mbili baadaye makombora yakapiga Chornomorsk na, kwa maelezo ya Ukraine, tani 60,000 za nafaka zikateketea. Rudia hesabu yangu: meli mbili za msaada, siku kumi na zaidi za mkate wa Kenya, usiku mmoja. Kisha mwisho wa mwezi uleule, St. Petersburg, Putin akawaahidi viongozi wa Afrika nafaka ya bure, tani 25,000 hadi 50,000 kwa kila nchi, kwa nchi sita: Burkina Faso, Zimbabwe, Mali, Somalia, Afrika ya Kati na Eritrea. Nadhani hata ambaye hajasoma jiografia anaweza kuikisia sababu ya nchi zile, nyingi zikiwa marafiki wa Moscow, kuchaguliwa na nyingine kuachwa.

Nasi hatukuachwa patupu. Mwaka 2023 Kenya ilipokea tani 34,000 za mbolea ya kampuni ya Kirusi, zilizokuwa zimekwama kwenye bandari za Ulaya. WFP ndio waliozisafirisha. Ikumbukwe kwamba tarehe 2 Machi 2022, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Kenya ilipiga kura ya kuulaani uvamizi, na kabla ya hapo balozi wetu wa wakati huo kule Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alikuwa ametoa ile hotuba iliyozunguka dunia, ya kwamba Afrika ilikubali mipaka iliyochorwa na wakoloni badala ya kuipigania. Tanzania na Uganda hazikupiga upande wowote. Ukitafuta tofauti ya kura hizo kwenye bei ya unga wa Mombasa, Dar na Kampala, utatafuta mpaka uzeeke. Kwa hiyo wale wanaotuambia tuchague rafiki kwa kuangalia sufuria, nawauliza: sufuria ipi hiyo?

Jambo moja linasahaulika sana katika mazungumzo haya ya nani anamsaidia nani. Kabla ya vita, Afrika ilikuwa ikipeleka pesa Ukraine kila muhula. Zaidi ya wanafunzi 16,000 wa Kiafrika walikuwa wakisoma kule, wengi kutoka Morocco, Nigeria na Misri, udaktari na uhandisi zaidi, kwa sababu karo ilikuwa nafuu kuliko Ulaya Magharibi. Mtoto wa jirani yetu alikuwa Kharkiv. Mamake alikuwa akinunua unga kwangu, akiuza sambusa na chapati za ofisini, na karo ya kijana ilitoka humo. Vita vilipoanza kijana alisafiri kwa treni hadi mpaka wa Poland, akasukumwa nyuma ya foleni mara kadhaa kwa sababu ya rangi yake. Hakuwa peke yake. Tarehe 28 Februari Umoja wa Afrika ulitoa tamko la kulaani Waafrika kuzuiwa mipakani. Yule mama hakuwahi kuniuliza swali la vita vinatuhusu nini. Kijana alifika nyumbani salama, na alimalizia masomo nchi nyingine. Lakini ukimtajia meli za msaada za Ukraine, mama huyo hunyanyua tu mabega. Ana haki yake, nami sijaribu kumbadilisha.

Baada ya Istanbul kuvunjika, Ukraine haikukaa kusubiri. Agosti 2023 ilifungua njia yake yenyewe, meli zikapita karibu na pwani za Romania na Bulgaria, na zikaendelea kutoka. Mimi hili ndilo linalonishangaza kuliko yote, nchi isiyo na manowari za maana kuwasukuma Warusi mbali mpaka meli za mahindi zipite. Msaada ukaendelea pia kwa mafungu madogo: mapema 2024 Port Sudan ilipokea tani 7,600 za unga, Ujerumani ikilipia, kwa ajili ya Wasudan ambao nao wamo katika vita vyao. Mwaka huo Kyiv ikafungua balozi mpya kadhaa Afrika. Na mwezi Agosti Mali na Niger zikavunja uhusiano nayo kabisa. Kwa hiyo ngano haikumnunua kila mtu.

Sasa kuna ahadi inayotuhusu moja kwa moja sisi wa hapa. Septemba 2023, New York, Ruto na Zelensky walizungumzia kituo cha nafaka ya Ukraine katika bandari ya Mombasa. Si meli ya kuja na kuondoka, ni ghala la kukaa, la kuhudumia eneo zima. Nilipoisikia nilifurahi kuliko nilivyofurahia meli yoyote. Mwenye ghala hatetemeki meli ikichelewa wiki tatu, na mwaka 2022 kilichotuua kilikuwa kutetemeka.

Lakini nina maswali ya muuza unga, na ningependa mwenye majibu anijibu hapa chini. Nafaka ikishaingia ghalani ni ya nani: ya Ukraine mpaka inunuliwe, ya wenye vinu, au ya serikali? Itauzwa kwa dola au kwa shilingi? Maana ikiuzwa kwa dola, tumejenga ghala la kuhifadhia shida ileile karibu na nyumbani. Mwenye kinu kidogo cha Kisumu au Mbale ataruhusiwa kununua tani 50, au ni lazima uwe mkubwa wa kuchukua 5,000? Na msimu wa mavuno Narok, mkulima akileta ngano yake na kukuta ghala la Mombasa limejaa ya bei rahisi, ile sheria ya kununua ya kwetu kwanza itashikwa na nani?

Shemeji nimemuuliza. Anasema yeye kazi yake ni kuhesabu malori.